Kijitabu cha Kilatini cha shilingi 150: kinafaa, ila matamshi yake yaruke

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai kando ya Barabara ya Oginga Odinga, hapa Kisumu. Alitaka 300. Jalada limeng'oka na ukurasa wa jina haupo, kwa hiyo akalegea hadi 150, na hata nikitaka kuwatajia kinaitwaje siwezi. Kinaingia mfuko wa shati. Kushoto kuna msemo wa Kilatini, katikati tafsiri ya neno kwa neno pamoja na maelezo, kulia namna ya kutamka. Yote kwa Kiingereza.

Mimi huchapa hati kwenye kibanda karibu na mahakama. Affidavit, ile hati ya kiapo, ndiyo ugali wangu, na miaka 11 nimeliandika neno hilo nikidhani ni jina tu la karatasi. Kumbe ni kitenzi: "ameapa". Neno moja, mwenye kutenda yumo, wakati umo, kama tunavyosema sisi. Usiku ule nikawa nawinda mengine ya namna hiyo hadi mke wangu akazima taa. Veto ni "nakataza". Caveat, lile zuio watu wanalowekeana kwenye mashamba, ni "ajihadhari". Habeas corpus, ambayo Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inampa kila aliyezuiliwa haki ya kuiomba, inaanza na "uwe na": uwe na mwili, yaani mlete huyo mtu mbele ya jaji tumwone. Kijana wa kibanda jirani alidhani ni ya kutolea maiti mochari, na kwa tafsiri hiyo simlaumu. Safu ya katikati peke yake inatosha hizo 150.

Kazini kimenisaidia. Mama mmoja wa Seme alikuja na karatasi za kesi ya shamba, uamuzi umeandikwa ex parte. Akaniuliza, "Mwanangu, hii pati walifanya lini, na mbona mimi sikuitwa?" Nikacheka kabla sijafikiri. Kufungua kijitabu: "kutoka upande mmoja". Nikamwambia, "Mama, umesema kweli kabisa. Walisikilizwa wenzako, wewe hukuwepo." Yeye hakucheka. Alitaka kujua kama kesi inaweza kufunguliwa upya asikilizwe, nikamwonyesha mlango wa wakili.

Alikuwa na swali la pili: huyo wakili wa pro bono ni wa bure kweli? Hapo kijitabu kimeandika "bure" kikanyamaza. Msemo mzima ni pro bono publico, kwa manufaa ya umma. Bure ni matokeo tu.

Sasa matamshi. Hapa mwandishi amenichosha. Prima facie ameipindisha iwe "praima feshi", vitae, ile ya curriculum vitae, iwe "vaitii", kana kwamba Warumi walizaliwa London. Kweli, mahakamani ndivyo mawakili wanavyosema, na ukisema vingine watakugeukia. Lakini msomaji wa Kiswahili hana haja ya safu ile. Irabu za Kilatini zinakaa karibu sana na zetu: status quo, alibi, quorum, soma kama unavyosoma gazeti. Marehemu baba yangu, mtoto wa misheni ya Kikatoliki ya Mill Hill, aliimba Tantum ergo na kuitikia ora pro nobis bila kukosea silabi, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Maana hakuambiwa. Ningempa kijitabu hiki, angefurahia "utuombee" kuliko mimi na affidavit yangu.

Mengine ni madogo. Karatasi ni nyembamba, wino unapita upande wa pili. Maelezo ya e.g. na i.e. ni mazuri: ya kwanza ni "kwa mfano", ya pili ni "yaani". Nimeyanakili nikayabandika juu ya mashine, kwa sababu wateja wangu wanazichanganya kila siku, nami nilikuwa nawasaidia kuzichanganya.

Kasoro kubwa niliigundua nikiwa nyumbani: kurasa za herufi M zimechanwa. Mens rea hakuna, mutatis mutandis hakuna, na hayo ndiyo yaliyonipeleka kununua. Nimerudi kwa muuzaji. Amesema akipata kingine kizima atanipigia, ila bei itakuwa ile ile 300.