TAHADHARI: anaetengeneza vyeti vya polisi vya Kenya hapa Chake Chake, Pemba, ni mwizi, msimpe hata shilingi

Asalaam alaykum ndugu zangu. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tokea ilipoingia barua ya uhamiaji wa Kanada, mashoga zangu wa karibu wanalijua, lakini leo nimesikia kuna dada mwengine wa Konde anajiandaa kumpelekea pesa mtu yule yule kwa kazi ile ile, basi nimesema liwalo na liwe, naandika, na anaetaka kunicheka anicheke.

Yule bwana anaekaa juu ya duka la fotokopi hapa Chake, anaejidai anatoa cheti cha polisi cha Kenya, kile cha tabia njema cha kupelekea uhamiaji, ni muongo na ni tapeli. Karatasi zake ni feki. Jina lake siliweki hapa kwa sababu shauri nimelifikisha polisi na nimeambiwa nisiliharibu, ila waliokwisha kupanda ile ngazi wanamjua.

Mume wangu yuko Kanada, na mie nimeomba uhamiaji wa kule nimfuate na mtoto. Kanada wanataka cheti cha polisi cha kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, kuanzia ulipotimiza miaka 18. Cha Tanzania nilishakipata bila ya tabu. Kilichobaki cha Kenya, maana Mombasa ndio kulikuwa kwetu mpaka nikarudi Wete, nimesoma kule, nimefanya kazi kule. Na sio mie peke yangu, Wapemba wangapi tumeishi Shimoni, Vanga, Kilifi, Mombasa, leo mtu yuko Micheweni anaambiwa alete karatasi ya kule na hajui aanzie wapi. Yule mtu hilo analijua vizuri sana ndio maana akafungua kazi yake hapa.

Nilimpataje? Wifi yangu ndie aliyenipa namba yake kwenye harusi ya Mfungo Mosi, na wifi nae kapewa na mtu anaemuamini. Hatukumuokota njiani. Nikampigia, akanijibu kwa adabu, "karibu mama, njoo na pasi yako na picha mbili". Nikaenda, mtoto nimempakata kwa sababu alikuwa bado ananyonya. Ofisi safi, kompyuta ipo, printa ipo, ukutani katundika kalenda ya Kenya. Akaniuliza Mombasa nilikaa mtaa gani nikamwambia Majengo, basi akaanza kunitajia njia, misikiti, mpaka mahamri ya kule, kwa lafudhi ya Kimvita kabisa, nikajiona kama nimekutana na jirani yangu wa zamani.

Halafu akatoa fomu. Fomu ya C24, ndio ile ile ya alama za vidole ya Kenya, mie naijua kwa sababu nilipoanza kazi Mombasa niliwahi kutakiwa hichi hichi cheti na fomu ilikuwa hiyo. Akatoa kidau cha wino na kibao, akakamata mkono wangu kidole kimoja kimoja, anakiviringisha kutoka upande huu mpaka upande huu, ananambia "legeza mama, usisukume, niachie mie". Maneno hayo hayo niliambiwa na askari wa kule! Vidole vyote kumi, halafu vinne vinne pamoja, halafu gumba. Kimoja kikavuja wino akaichana fomu akaanza upya, ati Nairobi wataikataa. Alipomaliza akanipa pamba na mafuta ya taa nijifute, na mtoto akambeba yeye wakati mie nanawa. Sasa nyie nambieni, mtu anaekuchanisha fomu kwa sababu ya kidole kimoja, utamdhania mwizi? Nani angelimdhania? Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa akaniacha na pesa zimo juu ya meza, hakuzihesabu wala hakuzitia mfukoni, akenda kusali akarudi.

Ile fomu ilikuwa ya kweli jamani. Alama zangu zilikuwa za kweli. Ila hazikwenda popote, zimebaki kwenye mtoto wa meza yake pale Chake.

Tulikubaliana laki tatu na nusu. Nikatoa nusu. Baadae akanipigia kuwa cheti kikishapita miezi mitatu Kanada hawakitaki, kwa hivyo nilipe na ya haraka ili kitoke karibu na siku ya kupeleka faili. Nikalipa. Halafu ikaja ya muhuri. Hiyo nikaituma kwa simu, likatokea jina la mwanamke nisiemjua, akasema ni mke wake. Na lile la miezi mitatu ni uongo mtupu, kwa nchi ambayo ulishahama Kanada wanachotaka ni cheti kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka kule, basi. Mie nimehama zamani, haraka ilikuwa ya nini?

Kikaja kwenye bahasha ya kaki. Kina nembo, kina muhuri, kina namba, kimeandikwa kuwa sina rikodi yoyote ya jinai. Nyumbani nikasujudu sijida ya shukurani. Wallahi nilisujudu. Nikatizama tena nikaona jina la babu halimo, pasi yangu ina majina matatu na kile kina mawili, nikampigia, akacheka, "Wakenya ndio wanavyoandika mama, usiwe na wasiwasi". Tukakituma.

Halafu barua ya uhamiaji. Mume wangu kanipigia baada ya isha, kule kwao bado mchana, yuko kazini, akaniuliza pole pole, "hii karatasi ya Kenya umeitoa wapi?" Wao wameandika kuwa kile cheti hawakukiona kuwa ni cha kweli na wametupa muda tujieleze kabla hawajaamua. Na wakiamua kuwa tumedanganya, Kanada wanakufungia miaka 5 usiombe chochote kwao, na hapana kusema nilitengenezewa na mtu, karatasi iliyomo kwenye faili yako unaibeba wewe. Miaka mitano! Mtoto atakuwa yuko skuli na baba yake anamjua kwa simu tu.

Binamu yangu wa Mombasa akenda Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali ya Kenya, pale Posta na namba ya pasi yangu na ile namba ya kwenye karatasi. Jibu alilopewa, hapana ombi lolote lililowahi kuingia kwa jina langu. Hapana kabisa. Nikampandia yule bwana ofisini, mara ya mwanzo ananambia Nairobi ndio waliokosea, mara ya pili mlango umefungwa, na kwenye simu kanibloki, mie na wifi yangu.

Hasbiyallahu wa ni'imal wakil. Mtu umembeba mwanangu mikononi mwako na huku unamkata na baba yake! Nataka akamatwe, nataka ile meza ifunguliwe zitolewe fomu zote zilizomo na kila mwenye vidole vyake mle aitwe. Kughushi ni kosa ndani ya Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2018, sio mambo ya kusuluhishwa barazani kwa wazee na kurudishiwa nusu ya pesa, kama jamaa zake walivyotaka waje kwetu. Mie pesa sizitaki, nataka asimame mbele ya hakimu. Na yule mwenye duka la chini nae aulizwe, zile karatasi za rangi zinachapwa kwa printa ya nani?

Mulioniuliza inboksi vipi mtakijua cheti cha kweli, nitasema nilivyofahamishwa na binamu. Cheti hichi kinatolewa na DCI tu, wapelelezi wa jinai wa Kenya. Ombi linaanzia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwenye akaunti yako mwenyewe yenye jina lako, na malipo ni shilingi 1,050 za Kenya, kama elfu 20 na kitu za kwetu, yanaingia paybill, yaani namba ya malipo kwa simu, ya serikali 222222, sio namba ya mke wa mtu. Ukiwa nje, C24 unaichapa mwenyewe pande mbili za karatasi moja, alama zinachukuliwa kwa askari, halafu fomu na risiti ya malipo vinapelekwa DCI Nairobi. Mtu akikwambia atakufanyia, mwambie akuoneshe risiti ya eCitizen yenye jina lako. Hana risiti, hajaomba kitu, hata kama vidole vyako vimejaa wino. Na majina yawe sawa sawa na pasi, msikubali maneno ya Wakenya ndio wanavyoandika. Mengine nitaongeza nikikumbuka, kichwa changu hivi sasa hakijakaa sawa.

Cheti tumekiomba upya kwa njia ya kweli na tunaandika maelezo ya kujibu ile barua, nimeambatisha nambari ya ripoti ya polisi na skrinshoti za wasapu zote. Tuombeeni dua.

Wewe wa Konde kama unasoma, usende. Na yeyote mwenye karatasi kutoka kwa mtu huyu na hajaipeleka ubalozini au uhamiaji, usiipeleke. Ulieshaipeleka nitafute inboksi leo leo, Jumatatu asubuhi nakwenda tena kituoni Chake na askari kanambia tukiwa wengi wenye risiti na ujumbe wa simu shauri litakwenda mbio zaidi.