Narnia kwa darasa la nyumbani: chukua kimoja, sanduku liache

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu mnasoma huku sufuria ipo jikoni. The Lion, the Witch and the Wardrobe cha C. S. Lewis nakipa nyota tano. Sanduku zima la vitabu saba vya Narnia nalipa tatu. Mwongozo wa mwalimu nilioununua pamoja navyo, ule wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi, naupa moja, na hiyo moja ni kwa sababu karatasi zake ni nzuri.

Mimi ni mtu wa Tanga, nasomesha watoto nyumbani hapa Fort Worth, Texas. Jimbo hili halikusumbui: tangu hukumu ya kesi ya Leeper mwaka 1994, shule ya nyumbani inahesabiwa kuwa shule binafsi, mradi ufundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Hadithi unachagua mwenyewe. Siku moja kwa wiki wanaongezeka watoto wa familia mbili tunaosali nao, moja ya Wakongo wa Uvira, nyingine ya Bungoma, na sebule inajaa. Wangu wananiita mama, wa Kenya auntie, wa Kongo tantine, ila njaa wote wanaisikia saa ileile. Wana umri wa miaka saba hadi kumi na miwili. Kitabu tunakisoma kwa Kiingereza. Kubishana tunabishana kwa Kiswahili.

Hadithi inaanza na watoto wanne wanaotolewa London kwa sababu ya mabomu, wanapelekwa shamba kwa profesa mzee, na kupitia kabati la nguo nyumbani mwake wanaingia nchi ya ajabu iitwayo Narnia. Lewis anaipitia habari ya kuhamishwa kwa haraka mno, kwa sababu msomaji wa 1950 hakuhitaji kuelezwa: Septemba 1939 Uingereza ilihamisha watu zaidi ya milioni moja kutoka mijini ndani ya siku chache, wengi wao watoto wa shule, wamefungiwa vibandiko vya majina kwenye makoti. Lewis mwenyewe aliwapokea baadhi yao nyumbani kwake Oxford. Darasani kwangu habari hiyo fupi ilikula somo zima. Kijana mmoja wa Kikongo, ambaye wazazi wake walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja Marekani, hakutaka kusikia habari za kabati. Mama yao alibaki wapi? Nani aliwaandikisha? Chakula walipewa na nani? Nikamtafutia picha ya watoto hao wakiwa stesheni na vibandiko vyao. Akaitazama, akasema, “Ni kama kadi ya kambi,” ndipo akaturuhusu tuendelee.

Halafu kuna Edmund, mmoja wa wale wanne, ambaye Mchawi anayejiita Malkia wa Narnia anampandisha kwenye sleji yake na kumrubuni kwa peremende laini iitwayo Turkish Delight. Mtoto anayefungua friji akakuta aiskrimu haelewi mtu anawezaje kuwauza ndugu zake kwa peremende. Mweleze habari za mgawo: Uingereza peremende ziliendelea kuuzwa kwa mgawo hadi Februari 1953, kwa hiyo kitabu kilipotoka wasomaji wake walikuwa bado wanapimiwa. Kisha mwonjeshe. Mimi sikuhangaika kutafuta Turkish Delight yenyewe, nilikuwa na halua ya Unguja aliyoniletea wifi yangu, nayo ni ndugu yake wa karibu: wanga, sukari, maji ya waridi, ila ya kwetu inaongezwa samli na iliki. Nikampa kila mtoto kipande kidogo sana, nikafunga kikapu, nikakiweka mezani mbele yao, nikaendelea kusoma. Hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Binti wa Bungoma, mpole kuliko wote, akanifuata pembeni kunong'ona kwamba mdogo wake hapendi sana vitu vitamu, kwa hiyo kama kuna kipande cha pili cha mdogo wake apewe yeye. Nikamwambia, mwanangu, umeshapanda sleji ya Malkia.

Wazazi watauliza habari za uchawi, jiandae. Kwetu si swali la kuchekwa. Mama wa wale watoto wa Uvira amewahi kuona watoto wakifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, na aliposoma jina la kitabu jaladani alinirudishia bila neno. Sikumhubiria. Nilimsimulia sura ya 13 hadi ya 15 kwa Kiswahili huku tukimenya viazi. Mchawi wa humu hana mvuto hata kidogo: anageuza viumbe kuwa mawe, anaifanya nchi iwe na baridi mwaka mzima na Krismasi isifike. Kilichomsumbua zaidi, na ana haki, ni kwamba hata upande wa Aslan, yule simba mwema anayekufa badala ya Edmund, kuna nguvu inayoitwa uchawi vilevile, ila ni ya zamani zaidi. Tukakubaliana kuwa watoto nitawaambia waziwazi: hiyo ni sheria ya Mfalme wa ng'ambo ya bahari, iliyowekwa kabla ya nchi yenyewe kuwapo, na Mchawi anaijua nusu tu. Watoto wake wamebaki darasani. Yeye mwenyewe siku hizi anakuja kuwachukua mapema, anasimama mlangoni na kujifanya anaangalia simu.

Sasa huo mwongozo. Una jedwali: upande huu Aslan, upande ule Yesu; huku Meza ya Jiwe anapouawa Aslan, kule msalaba; huku Edmund, kule Yuda. Mtoto anachora mistari, anapata alama zake, kitabu kimekwisha. Lewis mwenyewe alikataa kwamba aliandika fumbo la namna hiyo. Alijiuliza tu: tuseme ipo dunia kama Narnia, wanyama wake wanasema, na Mwana wa Mungu akaamua kwenda kuikomboa kama alivyoikomboa yetu, ingekuwaje huko? Swali la namna hiyo mtoto analiingia na viatu vyake. Binti yangu aliandika “Yuda” kama jedwali linavyotaka. Kijana wa Nyarugusu akamkatalia: Yuda alijinyonga, huyu mwingine kafa badala yake, katoka mzima, huyu ni Baraba. Ubishi uliofuata ulimeza kipindi cha hesabu. Biblia zilifunguliwa Mathayo 27 bila mimi kuagiza, na habari zote mbili zimo humo, Yuda mwanzoni, Baraba mbele kidogo. Ukurasa wa majibu wa mwongozo bado unasema Yuda, na hautoi nafasi ya jibu la pili.

Sura ya 14 usiisome ukaifunga hapo, hasa jioni. Simba ananyolewa manyoya, anafungwa kamba, anazomewa, anauawa, na wasichana wawili wanachungulia kutoka vichakani. Unganisha na ya 15 hata kama sauti inakauka, hadi panya watafune kamba na jiwe lipasuke. Wasichana wale wanakesha na maiti, na ndio wa kwanza kumwona akiwa hai. Mtoto aliyekaa Shule ya Jumapili atajua amekutana wapi na wanawake wa alfajiri. Ngoja aseme mwenyewe.

Jambo moja katika kitabu hiki liliniudhi. Baba Krismasi anagawa zawadi, Lucy, mdogo wa wale wanne, anapewa kisu kidogo cha kujilinda na kuambiwa vita vinakuwa vibaya wanawake wakipigana. Binti zangu walinigeukia. Nikawapa Debora wa Waamuzi 4, kisha Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, tukasonga mbele.

Kuhusu sanduku. Vitabu hivi vilitoka kimoja kila mwaka, 1950 hadi 1956, na hiki cha simba ndicho cha kwanza. Tangu 1994 matoleo ya Marekani yanapangwa kwa mfuatano wa matukio ya Narnia yenyewe, ndiyo maana The Magician's Nephew, kilichotoka 1955, kina namba 1 ubavuni. Usiifuate. Ukianza na hicho unaingia msituni ukijua tayari ile taa ya barabarani imefikaje kwenye theluji, na Lucy anaposhangaa wewe unapiga miayo. (Wanaotetea namba wana barua ya Lewis ya 1957 kwa kijana wa Kimarekani akiuafiki mpangilio huo. Humohumo alisema pengine haijalishi sana mtu anaanza na kipi.)

Zile nyota mbili zimeliwa na The Horse and His Boy na The Last Battle. Adui humo ni watu wa Calormen: ngozi nyeusi, vilemba, panga zilizopinda, biashara ya watumwa, na mungu anayetaka kafara za watu. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa picha hiyo imeokotwa wapi. Shangazi zangu wawili ni Waislamu, wanangu wamelala vitandani mwao na kula futari zao, na mwanangu wa mwisho alipoona mchoro wa vilemba aliuliza kama hawa ni akina babu. Katika The Last Battle vibete wanawatukana watu hao kwa rangi yao. Wanaotukana si watu wema, sawa, lakini mtoto mweusi wa Texas hana haja ya kukutana na tusi hilo peke yake chumbani. Haki isemwe: Aravis, msichana wa Calormen, ni jasiri kuliko wavulana wengi wa humo, na yupo Emeth, askari aliyemtumikia mungu wake kwa moyo safi, na Aslan anampokea. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mzazi akiwa karibu, atapata mengi hapo. Wa miaka minane msubirishe.

The Magician's Nephew ni kizuri, ila kina mama mgonjwa mahututi na mwanawe anayemtafutia tiba. Mama yake Lewis alikufa kwa saratani mwaka 1908, yeye akiwa na miaka tisa, na ukilijua hilo kurasa za mwisho zinakukaba. Darasani kukiwa na mtoto aliyefiwa, kisome wewe kwanza.

Mkinunua, fungueni ndani mwangalie kama kina michoro ya Pauline Baynes, ya wino, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza. Matoleo mengine hayana, na watoto wangu waliitazama kuliko filamu. Nakala moja kwa watoto watatu inatosha, kwa sababu kazi kubwa ni kusoma kwa sauti na sura zake 17 ni fupi. Vilivyobaki azimeni maktaba, cha The Silver Chair kiwe cha kwanza.