Meditasio pale Nguba: usingizi nimepata, ila ile afishi ya bongo waiondoe

Nauzisha vitenge hapa Nyawera Bukavu, muchana niko sawa, lakini usiku kichwa kilikuwa kinaanza kuhesabu madeni ya watu, saa nane, saa tisa, macho iko wazi tu. Yaya yangu, ndugu mkubwa, njo alinionyesha afishi ya hawa watu wa meditasio kule Nguba, iliandikwa wiki 8 bongo yako inakua, dola 5 kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi jioni. Nikasema acha nijaribu.

Chumba ni kimoja tu, kisafi, mikeka chini, dirisha linaangalia ziwa, viatu unaacha inje. Mama anaetuongoza ana sauti ya polepole na hana haraka na mtu. Siku za kwanza ni dakika 10 tu, unafuata pumzi, kichwa kikikimbia unakirudisha bila kujigombeza, na kama miguu inakufa ganzi anakuletea kiti yeye mwenyewe. Hiyo niliipenda sana juu niko na magoti mabaya. Siku moja groupe ya jirani, ile masine ya kutoa umeme, iliwaka kelele mpaka ukuta unatetemeka, akasema basi leo tusikilize hiyo groupe, kelele ije, ipite, na kweli ikapita. Kufika wiki ya 4 nililala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu miezi mingi. Kwa hiyo kazi nawashukuru na nitaendelea kulipa.

Sasa afishi. Nilimuuliza anaetuongoza, mama, hii ya bongo kukua mumeitoa wapi, akajibu wanasayansi walishaonyesha. Mtoto wa yaya anasoma udaktari, tukakaa usiku mbili tunasoma pamoja. Ni kweli iko kitu. Mwaka 2005 Sara Lazar na wenzake pale Massachusetts General Hospital, Boston, waliingiza kwa masine ya IRM, ile ya kupiga picha ndani ya mwili, watu 20 wanaofanya meditasio tangu miaka mingi, wakawalinganisha na 15 wasiofanya, wakakuta ngozi ya juu ya bongo ni nene kidogo zaidi kwa sehemu fulani, kama insula ya kuume, ile inayosaidia kusikia mwili kwa ndani, pumzi, moyo kupiga. Lakini wale walikuwa na miaka kama 9 ya mazoezi, karibu dakika 40 kila siku, na tofauti yenyewe ni kipande kidogo cha milimita.

Tena kupiga picha mara moja haionyeshi nini ilianza. Angalia bamama wanaopandisha mizigo Kadutu na kamba kwenye paji la uso, shingo zao ni ngumu, sasa mzigo njo ulileta ile shingo, ao wenye shingo ngumu njo wanadumu kwa kazi ile?

Ya wiki 8 ilitoka kwa utafiti wa 2011, watu 16 tu waliofuata masomo ya meditasio, wakaona mabadiliko kwa hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Ila mwaka 2022 ekipe ya Richard Davidson, Wisconsin, mtu ambaye maisha yake yote anachunguza meditasio, walirudilia na watu zaidi ya 200, wiki 8 zilezile, umbo la bongo halikubadilika. Mwenye kuandika ile afishi alishika ya kwanza akaacha ya pili, na kuna watu pale wanaleta wazee wao wanaosahau majina ya wajukuu, wanalipa dola 5 kwa tumaini hilo. Hiyo inaniuma kabisa.

Nilimuambia mama, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ataongea na waliochapisha. Jumatatu iliyopita afishi ilikuwa ingali kwa mlango. Waandike tu kwamba watu wanatulia na wanalala, mi mwenyewe nitakuwa shahidi.

Ukienda beba triko, jioni baridi ya ziwa inaingia, na ufike mbele ya saa kumi na moja, mikeka ya karibu na dirisha inaisha mbio.