Chombo cha Maua cha Kauri ya Uingereza: Kipi Ununue Kwanza

Anayetafuta chombo cha kauri ya Uingereza ili atie maua sebuleni, na si ili akifungie kabatini, asiyafuate majina kwa umaarufu wake, kwa sababu chombo kilichosheheni mapambo hushindana na maua yenyewe.

Nafasi ya kwanza nalipatia jagi la kampuni ya Burleigh, ambalo bado hutengenezwa katika kiwanda cha Middleport, Burslem, kilichofunguliwa mwaka 1889. Nakshi yake huchapwa kwenye karatasi nyembamba, kisha fundi huihamishia kwenye chombo kwa mkono kabla ya kukipaka mng'aro, yaani tabaka jembamba kama kioo, hivyo haifutiki kwa kuoshwa. Na ikiwa ya buluu tupu, haigombani na ua la rangi yoyote. Shingo hushika mashina yasilale, na siku maua yakikosekana, jagi litabeba juisi.

Vyombo vyeupe ambavyo mpambaji maua Constance Spry alivibuni kwa ajili ya kiwanda cha Fulham, London, katika miaka ya 1930, vinafuata. Kwa uzuri vingekuwa vya kwanza, lakini vingi vina mdomo mpana unaohitaji wavu wa waya uliokunjwa ndani ili mashina yasimame, na leo hupatikana kwa wauzaji wa vitu vya kale tu.

Vya tatu ni vile ambavyo msanifu majengo Keith Murray aliibunia kampuni ya kauri ya Wedgwood katika miaka hiyohiyo: vya rangi moja iliyofifia, vyenye mifuo tu, ila wakusanyaji wamevipandisha bei.

Kampuni ya Moorcroft naiweka ya nne. Mafundi wake hukamua udongo laini kuchora mistari iliyoinuka, kisha hujaza rangi katikati; kwa kuwa chombo chenyewe kimechorwa maua, ya kweli huonekana ya ziada. Jaspa, kauri ya buluu ya Wedgwood yenye sanamu nyeupe, ni ya mwisho: uso wake hauna mng'aro, na ni pambo linalojitosheleza.

Ukinunua kilichotumika, kigonge taratibu kwa kucha, maana chenye ufa hutoa sauti butu. Kijaze maji, kiache usiku kucha juu ya gazeti. Vijiufa vya mng'aro huvujisha polepole na kuharibu meza. Geuza kitako pia: neno «England» lilienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 kutaka bidhaa zitaje zilikotoka, kwa hiyo mtie shaka anayekuuzia chombo chenye neno hilo kwa bei ya kitu cha mwaka 1850.