Yukikaze wa KanColle: bahati 50, lakini bahati ya nini sasa?

Oya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo namchambua Yukikaze, maana komenti zenu zimezidi, kila nikiposti kitu mnauliza Yukikaze lini Yukikaze lini, haya huyu hapa. Kwa wageni: gemu inaitwa Kantai Collection, watu wanaikata tu KanColle, ni ya Kijapani, ilitoka Aprili 2013, unacheza kwenye brauza, na manowari za vita kuu ya pili, nyingi za Japani, zimegeuzwa wasichana, kila mmoja na sauti na tabia zake.

Mcheki kwenye skrini. Darubini shingoni, gauni jeupe la kibaharia ambalo kusema kweli ni fupi mno, sketi hakuna, na mwenyewe anaonekana katoto, hapo wachoraji mimi sijawaelewa na sitajifanya nimewaelewa. Tusonge.

Kumpata. Nenda kwenye karakana ya kujenga meli, weka mafuta 250, risasi 30, chuma 200, boksiti 30, hiyo resipe wachezaji wa zamani wanaijua kwa kichwa. Saa ikikuandikia dakika 24 tulia kwanza usishangilie, maana Kagerō, Shiranui na Kuroshio nao ni dakika 24 hizo hizo, wote ni ndugu wa kundi moja, unaweza ukasubiri weee afu anatoka Kuroshio wa nne.

Sasa utamu wenyewe. Fungua takwimu zake, shuka mpaka kwenye bahati, umeona? 50. Ukimfikisha levo 20 ukamboresha inakuwa 60. Destroya wengi (manowari ndogo zenye mbio, Yukikaze ni mmoja wao) wanaanzia kwenye kumi hivi, na kuna Taihō, meli ya kubeba ndege, kapewa 2, mbili jamani, kwa sababu ile ya kweli ilipigwa topido moja tu na nyambizi ya Marekani tarehe 19 Juni 1944, mvuke wa mafuta ukasambaa ndani ya meli, baada ya masaa kadhaa ikalipuka yote. Kwa hiyo hizo namba hazikutoka hewani, waliotengeneza gemu wamesoma.

Na Yukikaze 50 zake ni halali. Destroya za aina ya Kagerō zilijengwa 19, vita inaisha imebaki moja, yeye. Machi 1943 kwenye Bahari ya Bismarck walitoka destroya nane wakisindikiza meli nane za mizigo, za mizigo zikazama zote na destroya nne, yeye akarudi. Tarehe 7 Aprili 1945 ndo safari ya mwisho ya Yamato, ile manowari kubwa ya Japani, ndege za Wamarekani zinamwagika angani kama kumbikumbi, Yamato chini, Yahagi iliyokuwa inaisindikiza chini, destroya nane zimerudi nne, na Yukikaze yumo tena!

Lakini subirini, hapa ndo nina ugomvi na gemu. Kwenye gemu bahati inafanya nini? Kikubwa inakusaidia kupiga. Usiku, ukiwa umempa topido mbili kwenye nafasi zake, bahati kubwa inampandishia nafasi ya kufyatua lile shambulio maalum, topido zinaingia mara mbili mfululizo, bosi aliyekusumbua mchana kutwa anaondoka hivi hivi. Tamu sana, sikatai. Ila kwenye kukwepa inachangia kidogo tu! Yaani meli ambayo sifa yake yote duniani ni kutopigwa, ndani ya gemu inapigwa kama wengine, inarudi nguo zimechanika, na ukiwa mbishi ukampeleka mbele akiwa kwenye hali mbaya kabisa anazama, na akizama ndo basi, harudi, bahati yako 60 uiweke kwenye chai.

Afu kuna watu. Namba inakufanya uone kama ilikuwa ngekewa tupu. Kapteni wake kwenye ile safari ya Yamato alikuwa Terauchi Masamichi, na inasimuliwa kwamba alitoa kichwa nje kwenye tundu la dari ya chumba cha usukani, mabomu yanashuka, anayapima kwa macho yanapoangukia, na kwa mguu anamwelekeza mtu aliyekuwa chini yake, teke bega la kulia meli inaenda kulia, teke la kushoto kushoto. Sasa hiyo utaiita bahati? Ile ni kazi bwana. Kwenye takwimu za gemu hakuna pa kuiandika hiyo, na kabinti kenyewe kanajisifu tu bahati bahati.

Walichonifurahisha ni hii: waliongeza umbo lake jingine, Tan Yang. Kwa sababu meli haikuishia 1945. Iling'olewa silaha ikawa inarudisha Wajapani nyumbani kutoka ng'ambo, zaidi ya watu 13,000, mmojawapo Mizuki Shigeru aliyekuja kuwa mchora katuni mkubwa, alirudi nayo kutoka Rabaul (leo ipo Papua New Guinea) akiwa na mkono mmoja. 1947 ikakabidhiwa kwa Wachina wa Chiang Kai-shek, aliyekuwa mtawala wa China, ikabadilishwa jina ikaitwa Tan Yang, ikahamia Taiwan, ikafanya kazi miaka na miaka kabla ya kukatwa chuma chakavu. Nanga yake ipo Etajima, Japani. Huyo Tan Yang ana gharama kumlea, levo zake ziko juu, lakini kama una subira mlee.

Hukumu yangu: mchukue, mpe topido, mtumie usiku, na akiumia sana mrudishe bandarini bila kubishana. Kwa wale Kijapani hakipandi kabisa na mnacheza kwa simu, Yukikaze mwingine yupo Azur Lane, gemu nyingine ya manowari zilizogeuzwa wasichana, ile ipo kwa Kiingereza, na wa huko ana maringo hatari, anajiita mkuu Yukikaze, ukimgusa kidogo anakukaripia. Huyo nae nitamshusha, ila kwanza nataka nimalize wa Shigure, destroya mwingine wa KanColle, maana wale wa timu Shigure najua mshaanza kununa hapo chini.