Uzoefu wangu: kujiandikisha na kupiga kura Voi (nyota nne kati ya tano)

Mimi nina kibanda cha M-Pesa hapa Voi, Kenya, kwa hiyo kuangalia vitambulisho vya watu na kuvumilia laini ndefu ndiyo kazi yangu ya kila siku, na mtu akinihudumia vibaya mahali huwa naona haraka sana. Mdogo wangu juzi kapata kitambulisho na uchaguzi ni Agosti 2027, anauliza kama inafaa asubuhi nzima ya mtu kupotea. Basi nimeandika yote hapa ili nisirudie.

Nianze na usajili manake hapo ndipo watu wanaogopa bure. 2017 sikupiga kura, na sababu haikuwa siasa, ilikuwa uvivu tu, nilisema wiki ijayo wiki ijayo mpaka daftari likafungwa nikabaki naangalia vidole vya wenzangu vyenye wino. 2022 nikasema hapana. Ile awamu ya pili ya usajili ilikuwa 17 Januari hadi 6 Februari na mimi kama Mkenya halisi nikangoja ile wiki ya mwisho, lakini bahati yangu nilienda siku ya katikati ya wiki, saa nne hivi, nikakuta makarani wawili chini ya mti karibu na soko na watu watatu tu mbele yangu. Mashine inakuja ndani ya sanduku kama la kusafiria, ukilifungua kuna laptopu, kamera na kile kidude cha kusoma vidole. Unatoa kitambulisho, unajaza fomu, wanachukua vidole vyote kumi, unapigwa picha, unapewa kikaratasi, kwisha. Dakika kumi. Siku hizi hakuna kadi ya kura kama zile walizokuwa nazo wazazi wetu, kile kikaratasi hakikupigii kura, siku yenyewe unaenda na kitambulisho kile kile ulichojiandikishia, na kama ulitumia pasipoti basi unaenda na pasipoti. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuja na karatasi ya kusubiria kitambulisho akarudishwa, kwa hiyo mdogo wangu shukuru Mungu chako kimetoka.

Sasa nyota moja ilianguka siku ya kura na nusu ya kosa ni langu. Tarehe 9 Agosti nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na nyanya yangu, kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili, tumefika shuleni tayari kuna laini mpaka nje ya geti. Nikaingia laini. Kumbe kituo kimoja hakizidishi wapiga kura 700, wakizidi wanagawanywa kwa herufi za majina, kila kundi na chumba chake, na orodha zilikuwa zimebandikwa ukutani upande ambao taa haifiki. Nimesimama saa moja na nusu nafika mlangoni naambiwa dada jina lako liko chumba cha tatu. Nilitaka kulia jamani. Mtu mmoja tu mwenye tochi pale getini angetuokoa wengi. Kwa hiyo ushauri wangu, ukifika usiangalie laini ndefu iko wapi, angalia ukuta kwanza.

Nyanya lakini hakupanga laini kabisa, wazee, wajawazito, wenye watoto mgongoni na walemavu wanapelekwa mbele, na hilo nawapa sifa. Shida ikawa vidole. Nyanya alifanya kazi ya mkonge miaka mingi na alama za vidole zimekwisha, mimi hata nikimsajilia laini ya simu huwa napata taabu. Kile kifaa cha KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, kikakataa kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, karani akampangusa kwa kitambaa chenye maji, wapi. Nyanya anacheka anasema mkonge ulishapiga kura na hivyo vidole. Nikajua tunarudi nyumbani. Kumbe kuna njia, karani kaandika namba ya kitambulisho kwenye mashine, picha ya nyanya ikatokea, mawakala wa vyama wakaangalia wakakubali, ikajazwa fomu 32A, akaendelea. Bila kelele na bila mtu kumfokea, na mimi niliyekuwa nimekunja ngumi nikajiona mjinga.

Macho pia hayaoni vizuri, kwa hiyo aliomba nimsaidie. Unaapa kwanza, kuna fomu yake, na mtu mmoja anaruhusiwa kusaidia mpiga kura mmoja tu. Karatasi ziko sita, rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, na kila sanduku lina kifuniko cha rangi yake, ya rais nyeupe, ya gavana buluu, hivyo hivyo, hutapotea. Karatasi ya gavana isome mpaka chini usiishie kwa vyama unavyovijua, maana sisi hapa Taita Taveta mwaka huo Andrew Mwadime alishinda ugavana bila chama. Haya, ndani ya kile kibanda cha kadibodi nyanya ananinong'oneza jina baada ya jina na kwenye karatasi moja akataja mtu ambaye mimi nisingempa hata glasi ya maji. Sitasema ni nani, nimeapa. Nilitia alama pale pale aliposema, nikamwonyesha, akakaribia karatasi mpaka pua ikagusa, akaitikia kwa kichwa nikakunja. Mkono ulikuwa mzito jamani.

Binamu yangu wa Mombasa alipata karatasi tano tu siku hiyo, kura ya gavana kule na Kakamega iliahirishwa kwa sababu karatasi zilikuja na makosa, wakarudi laini tena 29 Agosti. Sisi hilo halikutukuta.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha kesho yake. Matokeo ya rais ya kila chumba yanaandikwa kwenye fomu 34A na nakala inabandikwa mlangoni, na picha yake inawekwa kwenye intaneti kila mtu aone. Nikapita asubuhi kabla ya kufungua kibanda nikapiga picha ile ya mlangoni, halafu nikatafuta ya chumba chetu kwenye simu, vituo ni zaidi ya 46,000 lakini unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, unashuka mpaka shule. Nikalinganisha namba kwa namba kama ninavyofunga hesabu jioni. Zililingana. Mwisho wa siku Ruto akatangazwa mshindi wa urais tarehe 15 na watu wakaenda mpaka Mahakama ya Juu, hayo mengine sina habari nayo, mimi nasema ya chumba changu.

Wino wa kidole kidogo cha kushoto ulikaa zaidi ya wiki, sabuni ya kipande, jiki, hakuna. 2027 naenda tena na safari hii kwanza naenda ukutani. Nyanya naye kasema ataenda, ila ameshaniambia atatafuta msaidizi mwingine, eti mimi nilikunja uso mle ndani.