TAHADHARI: hiyo "singo ya karafuu" ya kopo jeupe si singo

Asalaam alaykum. Dada zangu wa Unguja na Pemba, hasa mlio na harusi karibu na mliojifungua mkabaki na madoa usoni, nisomeni. Kuna krimu inazunguka kwenye simu kwa jina la ule msuguo wetu wa maharusi, singo ya karafuu na liwa. Kopo dogo jeupe, halina lebo, halina tarehe, halina jina la aliyetengeneza. Unatumiwa picha, unalipa kwa simu, kijana wa bodaboda anakukabidhi Darajani. Muuzaji mwenyewe humuoni.

Mtoto wa dada yangu kainunua. Madoa yalimtoka wakati wa mimba, yale ya rangi ya kahawa mashavuni na juu ya mdomo. Kopo la kwanza shilingi 30,000. Wiki haijesha uso ukang'aa, kila anayemuona anamsifu. Kopo likamalizika, akakaa siku chache bila kupaka, uso ukawaka moto: vipele, muwasho, ngozi inavutika, na madoa yakarudi meusi kuliko mwanzo. Alipolalamika akajibiwa, "Hizo ni taka zinatoka, chukua kopo kubwa." Kubwa ni 45,000. Alipodai pesa zake, akafungiwa namba.

Hapo ndipo ilipo biashara yenyewe. Daktari wa ngozi aliyemuona alisema uso ule ni wa steroidi. Dawa kali za jamii hiyo, kama klobetasoli, hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, kwa hiyo ngozi huonekana nyororo na nyeupe upesi. Huku inakonda. Ukiacha ghafla inalipuka, na mtu kwa hofu ya uso wake mwenyewe anarudi kununua tena. Muuzaji analijua hilo, ndio maana kopo la pili lina bei kubwa na jibu lake la "taka" liko tayari mdomoni.

Kilichonitisha zaidi ni maelekezo aliyotumiwa kwa sauti: avue pete na cheni za dhahabu kabla hajapaka. Jamani, karafuu na liwa zina ugomvi gani na dhahabu? Bibi harusi wetu hupakwa singo na dhahabu yake shingoni. Onyo kama hilo huambatana na krimu zenye zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu na kuiharibu. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, ndiyo weupe wanaouza. Lakini hupenya mwilini, huumiza figo, huleta kutetemeka na usahaulifu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Wala haibaki kwa aliyepaka. Huhamia kwenye taulo, foronya na kwa mtoto anayebebwa kifuani. Krimu za namna hii zimo kwenye makatazo ya Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama wakaamua kuondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kikivumiliwa.

Singo yetu tunaijua. Mawaridi, asumini, karafuu, liwa, marashi, inasuguliwa mwilini na kutolewa. Inanukia, inalainisha, haimgeuzi mtu rangi kwa siku nne. Inaniuma kuona mkorogo umevishwa jina la kitu walichotuachia bibi zetu.

Mwenye madoa ya mimba, ya vidonge vya uzazi au ya chunusi, anza na jua. Mtandio haufuniki mashavu, na jua letu hapa ndilo linaloyarudisha madoa hata baada ya dawa nzuri. Tafuta krimu ya kinga ya jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi, yenye rangi kidogo ni bora, na ukiwa nje ipake tena kila baada ya saa mbili. Dawa zipo: asidi ya azelaiki, tretinoini, na haidrokwinoni ambayo daktari huitoa kwa muda maalumu tu, kwani ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huleta weusi wa bluu usiotoka. Mjamzito asiguse hizo mbili za mwisho. Anayekushawishi upigwe leza, muulize kwanza ameshawatibu wangapi wenye ngozi nyeusi kama yako, maana leza isiyofaa huacha doa jipya. Na subira ni ya miezi, si siku. Anayeahidi wiki moja, muache hapohapo.

Uliyekwisha kupaka, acha, na usimtafute muuzaji akupe cha kutuliza. Nenda hospitali na kopo lenyewe, iwe Mnazi Mmoja au Chake Chake, useme umepaka wapi na kwa muda gani. Kama ulipaka mwili mzima kwa miezi mingi, nenda upesi zaidi, kwani mwili huizoea steroidi na kuiacha kunahitaji uangalizi wa daktari. Uliza pia kama unahitaji kupimwa mkojo kwa ajili ya zebaki. Taulo na foronya ulizotumia ziweke kando, watoto wasizishike.

Halafu ripoti Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Vipodozi viko chini yao. Peleka kopo, namba uliyolipia, meseji na ile sauti ya maelekezo. Msiifute, hata kama mnaona haya.